Treni Niliyoitangaza Kitandani

Haya ninayaandika nikiwa nimesimama. Daftari liko juu ya kabati la vyombo, kwa sababu nikikaa kwenye kiti zaidi ya dakika chache miguu yangu inaanza kudai safari. Mke wangu amezoea. Wageni hawajazoea, wananivutia kiti, wananibembeleza nikae, na mimi nawaambia waniache, kusimama ndiko kupumzika kwangu. Hiyo ndiyo kumbukumbu niliyoachiwa na mbu mmoja wa Kamina. Kama una mgonjwa wako ambaye homa imempanda kichwani, na sasa hatulii na wewe hutulii, basi ninaandika kwa ajili yako. Sitakufundisha udaktari, siujui. Nitakueleza yaliyonipata, pamoja na jambo moja ambalo nilitamani kuliacha nje.

Mimi nilikuwa mtu wa simu pale stesheni. Treni haiondoki Kamina mpaka stesheni ya mbele ikubali kwamba njia ni tupu. Vituo vidogo vya katikati vilikuwa vimenyamaza tangu vita vianze kutukaribia, kwa hiyo nilikuwa naita Bukama moja kwa moja. Nazungusha mkono wa simu, nasema: "Bukama, naomba njia." Wakinijibu kwamba njia ipo, naandika namba ya treni, saa na hesabu ya mabehewa, nampa dereva karatasi, kisha natoka mlangoni na kuwatangazia abiria. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kutangaza treni ambayo haipo. Nilijivunia hilo kupita kiasi. Hata kanisani, kwetu Wametodisti, walinijua kwa hilo kabla ya kunijua kwa jina langu, Banza.

Mvua za mwaka ule Zaire ilikuwa inamalizia siku zake za kuitwa Zaire, lakini sisi hatukuwa tumeambiwa bado. Tulichoona ni treni kupungua. Mke wangu, Numbi, alikuwa ameteremka Bukama kununua samaki wa kukaushwa, na mtoto wetu mgongoni. Alisema siku tatu. Siku ya nne treni zilikatika kabisa. Watu walilala kwenye jukwaa la stesheni na magodoro yao, na kila nilipotoka mlangoni wote waliinua vichwa. "Papa Banza, train iko?" Nilijibu haipo. Nikarudi ndani, nikaita Bukama, si kwa ajili yao tu. Simu ilikuwa kimya. Nikatoka tena, nikarudi tena. Nafikiri kutotulia kwangu kulianza hapo, kabla hata ya homa.

Homa ilipokuja nilimeza nivakini, vidonge vya malaria, kama kila mtu, nikaendelea na kazi. Kichwa kiliuma nyuma ya macho. Siku ya tatu nilikuwa naandika, nikalitafuta neno "behewa" nisilipate. Nililiona behewa lenyewe dirishani, nikalinyooshea kidole, neno likakataa kuja. Mwenzangu wa ofisini alicheka. Kisha akaona mdomo wangu umevutwa upande mmoja na mkono wa kuume unacheza wenyewe, akaacha kucheka. Nilianguka hapo hapo chini ya simu.

Kuanzia hapo nilichonacho ni masimulizi ya watu.

Walinipeleka hospitali kwa baiskeli, nimefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mwendeshaji. Wazazi wangu walikwisha kufariki, ndugu zangu wako upande wa Kabongo, mke wangu yuko ng'ambo ya njia iliyokatika. Aliyebaki ni mama mkwe. Alitembea nyuma ya baiskeli, mbali, upande mwingine wa barabara, kama inavyompasa mama mkwe.

Hapa inabidi nisimame nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kushangaa. Kwetu Waluba mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hiyo tunaiita buko. Hatuli pamoja, hatuangaliani usoni, hatushikani mikono. Jina lake mimi silitamki, ndiyo maana hulioni hapa. Tulikuwa tumeishi miaka tisa kwenye ua mmoja bila kuvunja hata kidogo. Akitaka kuniambia jambo, alikigeukia chombo chochote kilichokuwa karibu na kusema nacho, na mimi nilisikia. Mtu wa mjini anaweza kutucheka. Sisi tuliona raha, kwa sababu katika miaka hiyo tisa hatukugombana.

Basi ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu, amenigeuzia mgongo, anaongea na sufuria. "Sufuria, mwambie mwenye kulala afungue kinywa." Uji alininywesha kwa kijiko kirefu cha mbao, akiangalia ukuta. Kijiko kilinipiga puani mara nyingi kuliko mdomoni.

Kwanza walinitundikia kinini, chupa baada ya chupa, kwa sababu Kamina kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Damu ilipimwa mara tatu, malaria haikuonekana. Baada ya chupa ya nne daktari alinitoa maji mgongoni, akayaangalia kwenye mwanga, akamwita mama mkwe kando.

"Mama, haiko malaria," alimwambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo njo ni ndiyo na mais ni lakini. "Iko ingine maladi ya mbu, virusi, imepanda mu ubongo. Ubongo inavimba. Ya kuijua jina yake, hatuna maabara. Ya kuiua, hatuna dawa. Tutamusaidia anywe, apumue, asianguke. Ingine kazi mwili yake njo itafanya."

"Atapona?"

"Bengine banapona. Bengine banabaki na kitu."

Mpaka leo sijui jina la ugonjwa wangu. Nimeshasikia kwamba mbu wa nchi za joto wanabeba virusi vya aina nyingi, na kwamba vingine hupenda kichwa cha mtu. Wewe pia huenda usipewe jina. Usipoteze nguvu zako kulitafuta kama nilivyopoteza zangu.

Tatizo la kwanza halikuwa dawa. Lilikuwa uchafu. Mgonjwa wa namna yangu hajizuii, na katika hospitali zetu mgonjwa anaoshwa na watu wake. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, na mmoja alikuwa amekwisha kukimbilia kijijini kwa hofu ya askari. Mama mkwe aliweza kunipikia, kufukuza nzi, kulala chini ya dirisha. Kunivua nguo hakuweza.

Kitanda cha jirani alilala Papa Twite, mzee wa Luena aliyechimba makaa ya mawe ujana wake wote. Kifua chake kilikuwa kimejaa maji, na alikuwa akipigwa sindano kila siku. Mke wake, Mama Kabange, alivumilia harufu yangu siku mbili, kisha akauliza.

"Mama, juu ya nini hamumusafishe?"

"Iko muko wangu," alijibu mama mkwe, akimaanisha mume wa binti yake.

Mama Kabange naye alikuwa na wakwe, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alifikiri kidogo, akasema: "Bon. Weye pika ya bote, minyi nitasafisha bote. Bwana yangu na wako."

"Haiko bwana yangu."

"Muko wako, basi. Lete mayi."

Ndivyo walivyogawana kazi. Mama mkwe akapika bukari, ugali wetu, ya watu wanne kwenye mbabula, jiko moja la makaa, na Mama Kabange akawaosha wanaume wawili, wa kwake kwanza halafu mimi.

Katika majuma yale nina kumbukumbu moja tu ambayo ni yangu mwenyewe, si ya kuhadithiwa. Ni mikono. Ilikuwa mikavu, ina nguvu, inanuka sabuni ya mawese. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Na sauti inasema, "Geuka, papa. Geuka kidogo." Niligeuka, na kwa muda ule mfupi miguu yangu ilitulia. Ukiwa na mgonjwa asiyetambua kitu, usidhani unaosha gogo. Kuna sehemu yake inayopokea.

Maana saa nyingine zote sikutulia. Nilivuta mpira wa seramu, yaani dripu, nikashuka kitandani, nikatembea nikigonga vitanda vya watu. Walinifunga kwa vitenge viwili, kimoja kifuani, kimoja magotini. Nikafanya kazi yangu nikiwa nimefungwa. Mchana kutwa nilizungusha mkono hewani na kuita: "Bukama, naomba njia. Bukama, naomba njia." Mwanzoni wodi ilicheka. Baadaye, naambiwa, walizoea kunisikia kama mtu anavyozoea bati linalopigwa na mvua.

Sasa linakuja lile jambo.

Ilikuwa siku ya mvua. Asubuhi mwenzangu wa ofisini alikuja kunitazama, akaacha machungwa matatu, akaondoka. Hakuniambia neno la maana, angemwambia nani? Lakini watu walimwona, na walijua kazi yake. Mjini kote hapakuwa na habari nyingine iliyongojewa. Askari wa serikali walikuwa wanarudi nyuma kutoka mashariki na kupita Kamina wakichukua walichokiona, na wanaowafuata walikuwa hawajafika. Kila mwenye kwao alitaka kwenda kwao.

Mchana, naambiwa, niliacha kupiga kelele. Nikatulia kabisa. Nikasema kwa sauti yangu ya kazini, ile ya miaka kumi na moja: "Bukama, naomba njia. Treni ya abiria, mabehewa kumi na mawili, inaondoka Kamina saa kumi kamili, Bukama mpaka Luena. Njia ipo? Asante." Kisha nikageuza kichwa, nikamwangalia Mama Kabange machoni, nikamwambia: "Mama, funga mizigo."

Watu wa wodi waligeuka wote. Halafu mtu mmoja akasema, "Mwenzake alikuya asubui, njo alimuambia." Ikatosha. Watu walianza kukunja mikeka. Muuguzi alisimama mlangoni akipiga kelele kwamba mimi ni mgonjwa wa kichwa, wakamjibu kwamba mtu wa kichwa hawezi kujua hesabu ya mabehewa. Papa Twite alikuwa ameketi kitandani, ameshika mkono wa mke wake. Tangu afike alikuwa akiomba kitu kimoja.

"Unirudishe Luena," alisema. "Kama ni kupona nitapona kule. Kama ni kufa nitafia kule. Lakini hapa, hapana."

Mama Kabange aliitoa sindano ya seramu mkononi mwa mume wake, akaufunga mkono kwa kitambaa. Alinifuta mate kwa upindo wa kitenge chake. Akamwambia mama mkwe, "Baki muzuri, mama, Mungu akusaidie," akamsukuma mzee wake nje kwenye baiskeli ya kuazima, mvuani.

Treni haikuwapo. Jioni watu wengine wa wodi walirudi wamelowa, wakapita mbele ya kitanda changu bila kuniangalia. Mmoja alitema mate chini. Mama Kabange hakurudi.

Na mimi sikuoshwa siku mbili. Siku ya tatu mama mkwe alichemsha maji, akayaweka kando ya kitanda, akayaangalia yakipoa. Akayachemsha tena. Muuguzi alimsikia akiongea na beseni: "Beseni, weye uko shahidi. Mutoto yangu haiko, mama ya huyu muko haiko, yule mama njo alienda. Nitafanya namna gani?" Kisha akafumba macho, akaniosha mwili mzima akiwa amefumba macho, huku akilia na kunigombeza. Sabuni iliniingia kila mahali isipotakiwa. Alipomaliza alikaa nje ya wodi siku nzima bila kula.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilipoanza kuona tena, kama mtu anayetoka majini, mvua zilikuwa zinakaribia kwisha. Risasi zilikuwa zimekwisha kulia na kunyamaza, askari wengine walikuwa mjini, nchi ilikuwa na jina jipya, na mimi sikuweza kusema jina langu la zamani. Mwili uliokuwa chini ya shuka haukuwa wa kwangu. Magoti yalikuwa makubwa kuliko mapaja. Mkono wa kuume ulitetemeka ukiwa na kazi na kutulia ukiwa hauna, kinyume cha miguu.

Numbi alifika juu ya behewa la mizigo, amekonda, mtoto amekonda, wote wananuka samaki. Alipiga magoti kando ya kitanda. Nilifurahi, nikafungua mdomo nimwite, nikamwita "Behewa."

Neno lile lililonikimbia lilikuwa limerudi, na limerudi mahali pasipo pake. Numbi alicheka. Akatoka nje, na kupitia dirishani nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua hacheki tena.

Kiangazi chote nilikuwa nyumbani. Nataka nikwambie ukweli wewe unayeuguza: kupona ndiko kulikoigharimu nyumba yetu kuliko kuumwa. Mgonjwa akiwa kitandani kila mtu ni mwema. Akianza kutembea, wema unachoka. Nilikunywa kidonge cha kuzuia kifafa asubuhi na jioni, na kati ya vidonge hivyo viwili nilitembea. Nilienda stesheni mara tatu kwa siku, nikarudi. Nilitoka mezani tonge mkononi. Nilianza sentensi nikaiacha njiani, kisha nikakasirika kwamba hakuna aliyeimalizia. Siku moja nilimrushia Numbi kikombe. Hakikumpata, lakini mtoto aliona.

"Niliolewa na muntu ya kukaa," Numbi aliniambia siku ile, akiokota vipande. "Huyu wa kutembea simujue. Nitamuzoea, mais unipe siku."

Nikampa siku. Sikuwa na kingine cha kutoa.

Jambo moja tu lilinituliza, nalo ni kuifikiria ile mikono. Nilitaka kumjua mwenyewe nimshukuru. Nilimuuliza Numbi, hakujua, hakuwapo. Nikauliza hewani, nikijua mama mkwe yuko jikoni na anasikia. Siku nyingi aliendelea kupika tu. Tulikuwa tumerudia heshima yetu ya zamani, tena alikaza zaidi ya zamani. Numbi alikuwa amempa kitenge kipya na kuku mweupe kufidia buko iliyovunjwa hospitalini, akavipokea. Niliendelea kuuliza. Ndipo asubuhi moja, akiwa anapuliza moto na amenigeuzia mgongo, akaanza kuongea na mbabula.

"Mbabula, ule mwenye kuuliza anataka kujua nani alimusafisha. Ni bibi ya Luena. Bibi ya Papa Twite. Alimusafisha kama mutoto yake."

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Mbabula, mwambie alienda. Mwambie yeye mwenyewe njo alimufukuza."

Numbi alisema, "Mama, acha."

"Siwezi kuacha, ananiuliza kila siku." Na akaimwaga hadithi yote, saa kumi kamili, mabehewa kumi na mawili, mvua, seramu. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka lakini aliendelea kuupuliza. Mwisho akasema: "Mwambie tena, docteur alisema ule muzee alibakisha sindano za siku nane. Kama angezimaliza, angepona. Njo ile tu."

Sikumbuki nilivyotoka uani. Nilitembea mpaka stesheni, nikapita, nikafuata reli mpaka nyumba zikaisha. Miaka kumi na moja bila uongo, na uongo wa kwanza nikampa mwanamke aliyekuwa ananiosha. Watu waliniambia hukuwa wewe, ilikuwa homa. Mchungaji wetu aliniambia hivyo hivyo. Najua walinitakia mema. Lakini sauti ilikuwa yangu. Homa isingeweza kumdanganya mtu yeyote bila ile sauti ambayo mimi mwenyewe niliitengeneza mpaka ikaaminika.

Kazini walinirudisha, si kwenye simu bali kwenye mizigo, kubandika karatasi kwenye magunia. Mkono ulitetemeka, karatasi zilikaa mshazari. Sikulalamika. Abiria waliponiuliza habari za treni niliwaonyesha dirisha la mwenzangu. Nilikuwa nimeapa kwamba mdomo wangu hautataja tena saa ya treni yoyote.

Mvua za kwanza ziliporudi nilipata ruhusa ya kusafiri. Mama mkwe aliweka kifurushi juu ya kiti na kukiambia kiti: "Hii ni ya yule mama." Ilikuwa sabuni ya mawese, vipande sita, na kile kitenge kipya alichopewa na Numbi. Hakuwa amekivaa hata mara moja.

Njiani sikukaa. Nilisimama kwenye mlango wa behewa kutoka Kamina, tukavuka mto Lualaba, mpaka Luena, nikijiandaa kwa maneno. Maneno mengine bado yalikuwa yananitoroka, kwa hiyo niliyaandika kwenye kikaratasi.

Nyumba ya Papa Twite haikuwa ngumu kuipata, iko katika safu ya nyumba za zamani za wachimba makaa. Mama Kabange alikuwa anaanika mihogo juu ya bati. Hakuniangalia usoni. Aliiangalia miguu yangu, jinsi nilivyokuwa nakanyaga hapa na pale bila kwenda popote.

"Hii miguu minaijua," alisema. "Niliifunga na kitenge."

Nilikitoa kikaratasi, mkono ukatikisika hata nisiweze kukisoma. Nikakirudisha mfukoni. "Mama, minakuya juu ya ile train," nilisema.

"Ile ya saa kumi."

"Ile."

Aligeuza vipande viwili vitatu vya muhogo. "Ilikuya," alisema.

Sikuelewa.

"Ilikuya siku ya tatu. Train ya baaskari, benye kukimbia. Chef yabo moja aliona Papa Twite analala pale chini, akasema bamupandishe. Tulifika hapa."

"Na yeye?"

"Alifika muzima. Alikaa na sisi majuma mbili, akakufa. Pale ndani, mu chumba ya mama yake."

Nilimwambia kile nilichokuja kusema, kwamba kama wangebaki hospitali sindano zingemaliza kazi yake. Kwamba ni mimi. Nililisema vibaya, maneno yamechanganyika, lakini nililisema lote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia.

"Pengine angepona," alisema. "Siwezi kukudanganya, papa. Kuko siku minakukasirikia sana, minasema kama ule muntu angefunga kinywa. Kuko siku ingine minamuona vile alifurahi kufika. Byote bibili biko kweli." Alijipangusa unga mikononi. "Mais ile sindano ya serum, minyi njo niliitosha. Haiko weye. Ni hii mikono."

Aliinyoosha tuione wote wawili. Niliitambua. Nililia pale mbele ya mihogo yake, mtu mzima na nywele nyeupe, na sikuona haya.

Baada ya muda alisema nile kabla ya kuondoka. Alileta mtungi na beseni, akaanza kunimiminia maji ya kunawa. Mkono wa kuume ukaanza kucheza, maji yakamwagika chini. Alijaribu tena, yakamwagika tena. Basi akaweka mtungi chini, akachukua kipande kimoja cha ile sabuni niliyomletea, akaushika mkono wangu na kuunawisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kisha wa pili. Miguu yangu ilitulia.

Aliniwekea bukari na samaki juu ya kinu kilichopinduliwa, ili nile nimesimama. Alikula kando yangu. Katikati ya chakula akauliza, kama mtu yeyote anavyomuuliza mgeni:

"Train ya kurudia Kamina iko saa ngapi?"

Saa ya treni ilikuwa mfukoni mwangu, nimeiandika mwenyewe kwenye kikaratasi kilekile, namba ya treni na hesabu ya mabehewa. Mbele yangu alikuwa amesimama mtu pekee duniani ambaye sikuwa na haki ya kumtajia saa.

"Sijui, mama," nilisema. "Banasema saa tisa. Mais sijui kama itakuya."

Hapo ndipo aliponiangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Aa," alisema. "Ule wa homa hakusema sijui. Basi, umepona." Na akanisogezea samaki.